Nyumba Isiyoingia Ngano

Ayikoru mwanangu,

Nimepita mlangoni pako sasa hivi nikakuona umelala ubavu, magoti umeyakunja mpaka kifuani, mkono umeubana tumboni. Ukajifanya una usingizi. Mimi ndiye niliyekuzaa, najua pumzi zako za usingizi na pumzi zako za kuvumilia. Nimerudi jikoni nina hasira, nimesukuma masufuria kando, nimekaa niandike. Hasira yenyewe ni ya kwako kidogo, ya shangazi yako kidogo, na iliyobaki yote ni ya kwangu.

Mambo ya mabegi, pasipoti na nani atakupokea stendi sitayagusa. Baba yako ameyasema tangu juzi kama mtu anayekagua gwaride, na kesho atayarudia mpaka dereva amfungie mlango. Mimi nina jambo moja tu, na nikikuambia kwa mdomo utasema "ndiyo mama" ile ya kunimaliza. Kwa hiyo utalisoma.

Jumamosi tulikuaga. Shangazi yako Hadija alikuja kutoka Ntinda na keki kubwa, jina lako limeandikwa juu yake kwa sukari ya rangi. Mtaa wetu wote wa Kisugu ukapiga vigelegele. Akakata kipande, akakuita, nawe ukapiga magoti kama tulivyokufundisha, ukafungua mdomo.

"Kidogo tu, mutoto yangu," alisema. "Hii ni ya baraka. Haiwezi fanya kitu."

Ukameza. Ukatabasamu. Akakata cha pili, ukakimeza nacho. Keki ya ngano, Ayikoru! Wewe unajua, yeye anajua, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo, nimeshika sinia ya soda, naona kila kitu. Sikufungua mdomo. Wageni walikuwa wengi, wifi yangu alikuwa na furaha, na mimi niliyepigana na watu wa mji huu miaka yote hii kwa ajili ya tumbo lako, niliona aibu kuharibu sherehe. Tangu siku hiyo hujala chakula kikatulia, na kesho unapanda basi la Nairobi na tumbo hilohilo.

Kule unakwenda kukaa kwa mama yako mdogo Nafula miaka miwili, usomee umeme wa jua. Nimeongea naye jana kwenye simu. Unamjua mdogo wangu, anaongea kama redio iliyovunjika kitufe.

"Mwambie akuje na njaa," aliniambia. "Unga nishanunua. Nitampikia chapati mpaka aombe msamaha."

Nikamweleza tena habari ya ngano, tangu mwanzo, polepole. Akacheka.

"Dada, hizo ni mambo za hospitali za huko. Mtoto wetu akuje kwangu nimnyime chapati? Majirani watasema mimi ni mtu wa aina gani? Akikaa na sisi kidogo atazoea."

Kwetu Bungoma mgeni ambaye hakupikiwa chapati hajapokelewa. Unaweza kumchinjia kuku, na bado atarudi kwao aseme alipewa ugali. Kwa hiyo nakwambia mapema kitakachotokea. Atakuwa amesimama jikoni tangu mchana kwa ajili yako. Atakuletea ya moto, imekunjwa vizuri, atakaa karibu yako aone unavyokula. Atakuwa anakupenda kwelikweli, na hapo ndipo penye kazi. Chakula cha adui hata mtoto hukikataa.

Sasa nikueleze ninavyojua haya, kwa sababu unazijua hadithi hizi vipandevipande, na vipande vingine umeambiwa na watu wasionipenda.

Nilipoolewa na baba yako watu wa pande zote mbili walishika vichwa. Yeye Mlugbara, Mwislamu, askari polisi. Mimi Mbukusu, Mkristo, niliyekuja Kampala kumsaidia binamu yangu kuuza dukani. Tuliongea Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyejua cha mwenzake, na mpaka leo tunagombana kwa Kiswahili. Tulipopewa chumba kwenye nyumba za askari, nilianza kukaanga chapati nje ya lango. Sitakuwa na unyenyekevu wa bure hapa: hakuna mtu aliyenishinda. Askari wa zamu ya usiku walinisubiri kabla ya kwenda kulala. Waliniita Mama Chapati, na jina hilo nililivaa kama cheo. Ulipoanza kuota meno, kitu cha kwanza nilichokutia mdomoni ni ncha ya chapati iliyochovywa kwenye chai.

Basi ukaanza kukauka. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono na miguu vijiti, nywele zimekuwa nyepesi. Unaharisha, unapona, unaharisha tena. Dawa za minyoo ulikunywa mpaka nadhani minyoo ya mtaa mzima ilihama. Majirani wakaanza kunyamaza nikifika bombani. Nilijua wanachosema, maana Kampala neno hilo lilikuwa halisemwi kwa sauti. Silimu, yaani UKIMWI. Walisema tumekuambukiza sisi wazazi. Nilikwenda tukapimwa mimi na wewe, nikampeleka na baba yako, akanung'unika njia nzima, tukakutwa wazima wote watatu. Nikarudi bombani nikasimama katikati ya mitungi, nikatangaza majibu yangu kama karani wa mahakama. Wengine waliinamisha macho. Mmoja akasema, "Banange, huyu Mukenya ana kelele." Nilimjibu kwamba bado sijaanza.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ukoo wa baba yako unaipenda. Kila likizo tulikupeleka Arua kwa bibi yako. Unakwenda huko mifupa mitupu, unarudi mashavu yamejaa, unakimbia, unaimba. Ukikaa Kampala muda kidogo, mifupa inatokeza tena. Likizo ya kwanza wakasema ni hewa ya kijijini. Ya pili wakatazamana. Ya tatu shangazi yako Hadija, wakati huo bado ni msichana mwenye ulimi mkali kuliko sasa, akanisimamisha uani mbele ya watu.

"Hii mutoto kwetu iko nanenepa, kwako iko nakauka," alisema. "Wewe nampa nini?"

Unaelewa swali hilo lilikuwa linauliza nini. Halikuulizia chakula. Lilikuwa linasema mkono wangu ni mbaya, kwamba mwanamke wa kutoka mbali ana kitu alichokuja nacho. Wazee wakakaa, wakasema mtoto abaki Arua, mama arudi Kampala. Bibi yako alikuwa anasonga enyasa, ule ugali mweusi wa unga wa muhogo na wimbi, anatazama sufuria yake tu.

Nilikubeba. Sikungoja baraza liishe. Nilikufunga mgongoni, mtoto mkubwa wa miguu kuning'inia, nikatembea mpaka barabarani na kandambili moja imekatika. Baba yako alitufuata na mabegi huku akiomba msamaha kwa kila tuliyempita. Sijuti. Ningeambiwa nirudie leo, ningekubeba tena, mzito hivyohivyo.

Lakini nilipofika nyumbani ndipo nilipokosea, na kosa langu nililifanya kwa mkono huu unaoandika. Nilitaka kuwaonyesha. Nilitaka wakuone umenona kwa chakula changu mimi, mkate wangu mimi. Asubuhi chapati, saa nne mandazi, jioni chapati tena na maziwa juu. Ukikataa nilikubembeleza, ukilia nilikushika taya. Nilikulisha kwa kiburi, Ayikoru. Kadiri ulivyokauka ndivyo nilivyokanda. Mwisho ulianguka darasani, mwalimu wako akakuleta kwenye pikipiki amekupakata kama mtoto mchanga.

Ndipo tukafika kwa yule daktari wa kike aliyetupokea tukiwa tumeshazunguka kliniki zote. Alikutazama kucha, akakutazama ulimi, kisha akaniuliza swali lilelile la Hadija, ila yeye alikuwa anaulizia chakula kweli. Akiwa Arua anakula nini? Nikasema enyasa, samaki, mboga za ufuta. Na Kampala? Nikaanza kumtajia. Nilipofika mandazi ya saa nne nikajitazama. Nilikuwa nimeketi mbele yake na aproni yangu ya kazi, imejaa unga mpaka shingoni.

Walikupima damu, wakakuingiza ule mrija tumboni, wakasema ni ugonjwa wa siliaki. Kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni, na utumbo wako ukikiona unajichoma wenyewe kukifukuza. Hauna dawa, ni kukiacha tu maisha yote, hata chembe. Nilimuuliza kama hata unga wa hewani unadhuru. Akaitazama aproni yangu akajibu kwa upole kwamba ukitua kwenye chakula chako unadhuru.

Nimeshasikia akina mama wakisimulia kwamba siku hiyo walilia. Mimi sikulia. Nilitoka pale nataka kupiga mtu, na mtu wa kupiga nilikuwa mimi. Nilifika nyumbani, nikatoa mfuko wa unga, nikatoa kibao, kifimbo cha kusukumia, kikaango changu cheusi kilichoiva mafuta miaka na miaka, nikavigawa vyote pale langoni kabla jua halijatua. Kikaango nilimpa mwanamke aliyekuwa mshindani wangu. Alidhani nina wazimu, akakichukua mbio nisije nikabadili mawazo. Baba yako alipotoka kazini akakuta nasugua kuta kwa maji ya moto.

"Sasa tutakula nini?" aliuliza.

"Muhogo," nilimwambia. "Na asiyetaka muhogo kuna barabara."

Alikaa kwenye ngazi, akavua viatu vya kazi. Akavigeuza, akaniuliza kama viatu navyo vinaweza kuwa na ngano. Hapo ndipo nilipojua kwamba niliolewa vizuri, na sijawahi kumwambia, kwa hiyo wewe usimwambie.

Nikaanza kukaanga mihogo na samaki mahali palepale. Wateja wakacheka: Mama Chapati amekuwa Mama Muhogo! Wengine wakahama, wengine wakazoea. Wewe lakini ulikuwa unataka mkate. Sijui kwa nini mtoto hutaka kile anachokiona mkononi mwa wengine. Shuleni wenzako walikuja na vipande vya mkate vimepakwa siagi, wewe una kiazi kwenye kopo. Ulirudi siku moja ukaniuliza kama wewe ni maskini kuliko wao. Nikaapa utakula mkate, na utaukata kwa kisu kama watu.

Sasa cheka kidogo, maana ulicheka wakati ule. Mkate wangu wa kwanza wa unga wa muhogo, baba yako aliugonga kwa kidole akasema ungefaa kuzuia mlango siku ya upepo. Wa pili, wa mtama, ulibomoka kama udongo wa kiangazi. Wa mchele ulikuwa na gamba nje na uji ndani. Mimi, ambaye mikono yangu ilikuwa inajua unga kuliko inavyojua uso wangu, nilikuwa mjinga kabisa. Nilikanda na kukanda, nikingoja ile hali ya unga kuvutika na kushikana. Haikuja. Kinachovutika ndicho kile kile kinachokuua, na hakuna cha kukanda hapo. Nilipaswa kuiambia mikono yangu iache kazi iliyoipa jina, nayo haikutaka kusikia.

Aliyenifungua ni bibi yako, na hapa ndipo mate yalipokuwa machungu kumeza. Ilinibidi nimpigie mwanamke ambaye uani kwake niliitwa mchawi, nimwombe anifundishe kusonga enyasa. Baba yako alitafsiri. Hakunicheka. Alisema muhogo haushikani kwa nguvu, unashikana kwa moto. Maji yachemke kwanza, unga kidogo uingie uive uwe mzito kama gundi, ndipo unga mwingine ufuate.

Nikafanya hivyo kwa mkate. Kwanza napika uji mzito wa muhogo, unapoa kidogo, natia mayai, hamira, sukari, unga wa mtama na wa mchele, nakoroga kwa mwiko uwe kama uji wa mgonjwa, namimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Hakuna kukanda. Unaumuka taratibu karibu na sigiri, kisha naufunika na kuweka makaa juu na chini. Ukitoka usiukate ungali moto, hata watu wakikulilia, maana ndani bado unajijenga. Siku ule wa kwanza uliposimama, nilikupa kipande kwenye sahani, nikakupa kisu. Ulikipaka siagi pole pole mpaka pembeni kabisa, ukatoka nacho barazani ili watu wote wakuone. Bibi yako aliposimuliwa kwa simu alicheka mpaka akakohoa, na msimu huo huo akaanza kututumia gunia la muhogo wake kwa basi, aliouloweka na kuukausha mwenyewe. Hatujawahi kuongea habari ya siku ile ya uani, ila siku hizi tunapigiana simu kila Ijumaa.

Umesimuliwa kwamba nilipigana kwenye mashine ya kusaga Kawempe. Sikupigana. Nilikuwa nimebeba mtama wangu, nikawaona wametoka kusaga ngano ya mtu. Nikawaambia wasimamishe, wafagie, kisha wasage kwanza mchele wangu kidogo wa kuisafisha mashine, na ule wa kwanza tutawapa kuku. Foleni ikanuna. Mwenye mashine, kijana Mganda mpole, akasema, "Nyabo, unga ni unga. Hata wewe ukipika utasahau." Mwanamke nyuma yangu akasema nina majini. Nilikaa juu ya gunia langu mbele ya mlango wa mashine, nikawaambia majini yangu yana subira sana na hayana pa kwenda. Wakasafisha. Mpaka leo nikitokea kwa mbali yule kijana anachukua ufagio kabla sijamsalimu, na wateja wake wapya anawaambia, "Huyo ni mama wa mtoto. Mutangoja."

Sijakuandikia haya ili unione shujaa. Nimekuandikia kwa sababu Jumamosi niliona kitu kilichonitisha. Nimepigana na mashine, na shule, na mwalimu wa kanisani aliyegawa biskuti, na mashehe wa baba yako waliotaka ufuturu kwa sambusa, na katika vita vyote hivyo wewe ulikuwa umesimama nyuma ya sketi yangu. Nilikusemea. Nilikujengea nyumba ambayo ngano haiingii, nikajiona nimemaliza kazi. Wakati huohuo kila mgeni alipofika nilikubinya bega nikakunong'oneza: piga magoti, pokea kwa mikono miwili, usikatae chakula cha mtu, utamvunjia heshima. Waswahili walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nimekulea kwa midomo miwili, na Jumamosi ulitii ule mdomo mbaya.

Kwetu sisi kumkatalia mtu chakula ni kumwambia kwamba unamshuku. Najua uzito wake. Kwa Wabukusu ni tusi, kwa Walugbara ni tusi, kwa Waganda ni tusi lenye tabasamu. Mtu atasema, "Unadhani nimekutilia sumu?" Utaona uso wake unabadilika, utataka kufa, utaona ni rahisi zaidi kumeza. Nakuomba uuache uso wake ubadilike. Uso wa mtu hupona kabla ya jioni. Utumbo wako yule daktari aliniambia huchukua miezi, na una mmoja tu.

Na usianze na "samahani". Nimekusikia ukisema samahani kwa ajili ya mwili wako tangu ukiwa mdogo, kana kwamba umemkanyaga mtu. Huna kosa. Hukuuchagua. Sema, "Asante mama, mimi ngano siili, inaniumiza," kisha nyamaza. Ukiongeza maelezo watayafanya mjadala, na mjadala Nafula hajawahi kushindwa. Atakwambia kidogo tu. Atakwambia ameipika kwa mafuta mazuri. Atalia, huyo ana machozi ya karibu. Mwache alie, kisha mshike mkono, umwambie akufundishe kupika mboga za kienyeji kama mama yetu alivyopika, maana hizo anazijua kunishinda, na hapo utakuwa umempa kazi ya upendo ambayo haitakulaza kitandani. Ikishindikana, piga simu nami nitamshughulikia, lakini piga ukiwa umeshakataa. Usinipigie ili nikatae badala yako.

Chuoni usifiche pia. Najua umepanga kuficha, nimekusikia ukimwambia rafiki yako kwamba kule hakuna anayekujua, utaanza upya kama mtu wa kawaida. Mficha maradhi kifo humuumbua. Utakaa na vijana wenzako, watanunua mandazi, mmoja atakuvutia macho, atakugawia lake nusu. Sitaki kujua mengi hapo. Nataka tu umwambie siku ileile. Akikuona una maringo, mwache na mandazi yake. Akikuuliza basi unakula nini, huyo mlete nyumbani nimwone.

Shangazi yako nitamshughulikia mwenyewe. Nimeshampigia leo mchana. Nimemwambia ile keki imekulaza tangu Jumamosi, na kwamba nilimwona akikulisha, na kwamba mimi nilinyamaza na sitanyamaza tena. Kisha akasema, "Wifi, mimi nilifikiri ile kitu iliisha. Nilimwona iko nacheka." Unaona? Ulitabasamu vizuri mno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe unawatandikia watu shuka nyeupe juu yake. Ukiumia, onyesha kwamba umeumia.

Kesho alfajiri Hadija atakuja kukusindikiza, amesema lazima. Majirani nao watakuwepo, na mchungaji, na baba yako na saa yake. Kila mtu atakuwa anatazama. Mimi nitatoka jikoni na mkate wako wa safari kwenye kitambaa, nitakupa kwa mikono miwili, nitasema kama mama wote wanavyosema, kula mwanangu, safari ni ndefu. Usiupokee.

Simama wima, usipige magoti. Niulize, kwa sauti ambayo hata walio getini wataisikia: mama, huu ni unga gani? Umesagwa wapi? Umekatwa kwa kisu kipi, juu ya meza ipi? Watu watashtuka. Watasema mtoto huyu amepata wapi jeuri ya kumhoji mama yake. Nami nitakujibu moja baada ya jingine, na ukiridhika ndipo uupokee. Nikibabaika hata kidogo, nikisema "wewe kula tu, ni mimi mama yako", basi uuache mkononi mwangu mbele yao wote, uende Nairobi na njaa.

Sijui kesho nitakujibu vipi, maana leo nimepika kwa machozi na sijui kama nimekumbuka kila kitu. Ndiyo maana nataka uulize. Itaniuma kukataliwa na mwanangu mbele ya wifi yangu. Usinionee huruma, Ayikoru. Ukiweza kunikatalia mimi, hakuna mtu Nairobi atakayekushinda.

Mama yako,
Nekesa